Uungwana wa Nani? Asili ya Mtangazaji na Usemi wa Redio, kutoka Freretown hadi Mukuru kwa Reuben

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumwuliza mwandishi atokako. Anayesoma Shaaban Robert hupelekwa kwanza Vibambani na Tanga; anayesoma Euphrase Kezilahabi hupitishwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, kabla hajaifikia riwaya; wala hakuna anayefundisha Sauti ya Dhiki (1973) asianze na chumba cha gereza alimofungwa Abdilatif Abdalla. Mtangazaji wa redio hajapata kuulizwa swali hilo. Yeye husikika na watu wengi kuliko wasomao kitabu chochote cha Kiswahili, hutunga papo kwa papo, huigwa na watoto na wanasiasa. Lakini katika maandishi ya wahakiki amebaki kuwa sauti tu, kana kwamba sauti haina mwili na mwili hauna kwao.

Kimya hicho kina upendeleo ndani yake. Watangazaji wakongwe wa idhaa ya taifa hawaulizwi asili yao kwa sababu Kiswahili chao kimechukuliwa kuwa hakina asili: ni sanifu, basi ni cha wote. Vijana wanaotangaza katika redio za kijamii za Nairobi, kwa upande mwingine, huulizwa asili yao hata kabla ya kusikilizwa, na jibu likiwa ni Korogocho, Kibera au Mukuru kwa Reuben, hukumu huwa imekwisha kutolewa. Hawa hawakusoma, husemwa, wanachanganya Sheng, wanaiharibu lugha. Makala haya yanauhoji mgao huo wa maswali. Yanaanzia Freretown, Mombasa, katika jamii iliyomtoa mtangazaji wa Kiswahili aliyekuwa mashuhuri kuliko wengi nchini Kenya, na katika neno moja alilolibeba hewani kwa zaidi ya nusu karne. Kisha yanalifuata neno hilo hadi Mukuru kwa Reuben, na kuangalia linakuwaje linapoingia katika kinywa cha mtu mwenye asili nyingine.

Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka wa 1940 na kufariki dunia tarehe 7 Februari 2025. Alijiunga na utangazaji mwaka wa 1964, mwaka uleule serikali ya Kenya huru ilipolitwaa shirika la utangazaji lililoundwa mwaka wa 1961 na kulipa jina la Sauti ya Kenya. (Jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC, lilirudi mwaka wa 1989.) Wengine humkumbuka kwa kutangaza kandanda, na ni kweli kwamba kasi ya ulimi wake uwanjani ilikuwa ya aina yake, lakini kazi iliyomjengea jina la kudumu ni kipindi cha "Je, Huu ni Uungwana?" kilichoanza mwaka wa 1966. Mada zake zilikuwa mambo madogo ya kila siku: adabu ya mgeni katika nyumba ya watu, ya abiria ndani ya gari, ya jirani kwa jirani. Kisa kilisimuliwa kwa ucheshi na mshangao wa kujifanya, kisha msikilizaji akaachiwa swali.

Kwa upande wa fani, kipindi hicho si kigeni kama kinavyoweza kudhaniwa. Ni utanzu wa nasaha, na ukoo wake katika fasihi ya Kiswahili ni mrefu. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka wa 1858, ndio mfano unaotajwa mara nyingi. Tofauti iko katika msimamo wa msemaji. Mwana Kupona anamuusia binti yake, na mamlaka yake ni ya mama na ya mtu aliye ukingoni mwa maisha. Mtangazaji hana binti upande wa pili. Anazungumza na maelfu asiowajua, nao hawamjui, na hana undugu wa kumpa haki ya kuonya. Ndiyo sababu nasaha zake hazina budi kuvaa vazi la swali. Neno "je" katika jina la kipindi lina kazi ya kiusemi: linamfanya msikilizaji kuwa hakimu, na papo hapo linamficha aliyeiandika sheria.

Sheria yenyewe imo katika neno "uungwana", na hapa ndipo uhakiki usiojali asili ya msemaji unapopitwa na jambo kubwa. Katika jamii ya pwani ya karne ya 19 muungwana hakuwa kwanza mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa wala mzalia wa watumwa. Adabu, mavazi, dini na matamshi ya mjini vilihesabiwa kuwa matunda ya uhuru huo wa kuzaliwa. Neno lilikuwa lango: lilitenga walio ndani na walio nje. Halikukosa kupiganiwa. Wapagazi wa misafara ya kutoka Zanzibar kwenda bara, wengi wao watumwa au watu walioachwa huru, walijiita waungwana wakiwa mbali na mabwana zao, na jina hilo likaachwa nyuma katika lugha: Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana kwa sababu yao. Lakini pwani kwenyewe lango lilibaki na mabawabu wake.

Freretown ilikuwa nje ya lango hilo. Makazi hayo yalianzishwa mwaka wa 1875 na chama cha wamisionari wa Kanisa la Uingereza, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, nayo yakapewa jina la Sir Bartle Frere. Waliotua pale walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wasio na lugha moja wala kaburi moja la mababu. Kiswahili hakikuwa urithi wao. Kilikuwa lugha waliyokutania. Shule ya misheni iliwaongezea kusoma, kuandika na Kiingereza, na kizazi kilichofuata kikatoa makarani, walimu na makasisi. Kengele ya makazi hayo, ambayo jina la Kengeleni linaikumbuka hadi leo, ilipigwa kuwaonya watu pale walipohofiwa wateka watumwa.

Ni kutoka katika ukoo wa Mbotela wa Freretown kulikotoka vilevile kitabu cha Uhuru wa Watumwa cha James Juma Mbotela, kilichochapishwa mwaka wa 1934, ambacho wengi hukiweka mwanzoni mwa historia ya nathari ya Kiswahili nchini Kenya. Wahakiki wamekishutumu kwa kumsifu Mwingereza kupita kiasi na kumbebesha Mwarabu peke yake dhambi za utumwa. Shutuma hiyo ina haki, japo imerudiwa mno hadi imekuwa kisingizio cha kutokisoma. Kinachokosekana katika shutuma hiyo ni kwamba aliyeachwa huru hakupata uungwana kwa kuachwa huru. Aliitwa huru, hakuitwa muungwana. Umbali kati ya maneno hayo mawili ndio historia ya Freretown ambayo kitabu hakina namna ya kuisema waziwazi, kwa kuwa kingelazimika kukiri kwamba uhuru ule ulioletwa kwa manowari haukutosha.

Ukiyaweka haya bega kwa bega, jina la kipindi cha mwaka wa 1966 linasomeka upya. Mwana wa Freretown ameketi mbele ya kipaza sauti cha taifa, analichukua neno lililotumiwa kuwatenga watu wa kwao, na anawauliza wananchi wote, wazaliwa wa mji na wa shamba, wa pwani na wa bara, kama wao wana sifa hiyo. Haulizi kama yeye ni muungwana. Ndiye anayeuliza. Msikilizaji wa bara, ambaye kwake uungwana ulikuwa umekwisha kuwa adabu tu, hakuwa na sababu ya kuisikia historia hiyo. Na pengine ndiyo maana neno lile liliweza kufanywa la taifa zima. Lakini mhakiki hana udhuru huo. Kazi hiyo ya kuliondolea neno lango lake ni kazi ya kifasihi, nayo haikufanywa na mshairi yeyote wa diwani.

Hapa inafaa kulitupa jicho tukio la tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi walioasi walimchukua Mbotela na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Siku hiyohiyo, baada ya askari watiifu kukikomboa kituo, sauti ileile ilitangaza kwamba serikali ingalipo. Tukio hili husimuliwa zaidi kama kisa cha ujasiri au cha bahati. Kiusemi lina uzito mwingine. Pande zote mbili zilijua kwamba taarifa haitakuwa kweli mpaka itoke katika koo linalojulikana, hata kama maneno si ya mwenye koo. Huo ndio msingi wa kazi ya mtangazaji wa umma kama ilivyoeleweka nchini wakati huo: anakopesha sauti. Alichonacho cha kwake ni matamshi, na matamshi hayo yanapaswa kusikika kama ya kila mtu, yaani ya hakuna mtu.

Aliyekataa kukopesha sauti hakuwa na nafasi pale. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka wa 1946, alifungwa miaka mitatu hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Kisha akahamia Dar es Salaam kufanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, na kuanzia 1979 hadi 1986 akatangaza katika idhaa ya Kiswahili ya BBC, London, iliyokuwa hewani tangu 1957. Mkenya aliyetaka kumsikia malenga huyo redioni ilimbidi aitafute London kwenye masafa mafupi. Kwa hiyo hata miongoni mwa watangazaji wa Kiswahili cha Mombasa, asili haikuwa moja, wala njia ya kufikia kipaza sauti haikuwa moja. Na kwa mpango wa kazi wa wakati ule, jela ilikuwa sifa London na kizuizi Nairobi.

Sasa Nairobi yenyewe. Chuo cha mawasiliano kilichoanza mwaka wa 1961 kwa ajili ya kuwafunza mafundi na watangazaji wa shirika la taifa, kinachojulikana kwa herufi za KIMC, kimejengwa South B. Kutoka hapo hadi Mukuru kwa Reuben ni kilomita chache, kupitia eneo la viwanda. Mukuru, neno la Kigikuyu lenye maana ya bonde au korongo, ni mkufu wa vijiji vya mabati uliotandazwa kandokando ya viwanda hivyo na Mto Ngong: kwa Njenga, kwa Reuben, Viwandani na vingine. Wakazi wake wametoka Ukambani, Ugikuyuni, Nyanza, Kisii na Magharibi, wengi wakiwa vibarua wanaosubiri alfajiri kwenye malango ya viwanda. Nyumba ya kawaida ni chumba cha futi kumi kwa kumi. Kiswahili hapa, kama kilivyokuwa Freretown, si urithi wa mtu. Ni lugha ya kukutania.

Ulinganisho huo hauletwi kwa ajili ya pambo. Ruben FM, redio ya kijamii ya Mukuru kwa Reuben, imo ndani ya uwanja wa Kituo cha Ruben, ambacho ni kazi ya shirika la mabruda wa Kikatoliki na kina shule na zahanati papo hapo. Watu waliong'olewa kwao, misheni, shule, na chombo cha kuwapigia wote habari kwa pamoja: mtu akiondoa majina, atadhani anasoma maelezo ya Freretown. Sauti inayosifiwa leo kuwa safi ilikuzwa katika mazingira ya aina ileile ambayo leo yanatajwa kuwa sababu ya uchafu wa lugha. Kilichobadilika ni muda uliopita na nani aliyepewa idhini ya kusahau.

Redio za aina hii zina umri mfupi. Koch FM ya Korogocho ilipata leseni mwaka wa 2006 na Pamoja FM ya Kibera ikafuata mwaka wa 2007. Sheria ya mawasiliano iliyotiwa sahihi Januari 2009 ndiyo iliyotambua rasmi utangazaji wa kijamii kama tabaka la tatu, kando ya ule wa umma na ule wa kibiashara. Sheria haitaki redio ya kijamii itafute faida, na inataka iwe ya watu wa mahali pake. Sharti hili la pili lina matokeo ambayo watunga sheria huenda hawakuyafikiria kama suala la fasihi. Katika idhaa ya taifa, mtangazaji hustahiki kipaza sauti kwa kuonyesha kwamba amevuka alikotoka. Katika Ruben FM hustahiki kwa sababu hajavuka. Wengi wa watangazaji wake ni vijana wa mtaani. Msikilizaji anaijua ploti yao, bomba wanakoteka maji, na pengine mama zao. Kile ambacho Roland Barthes alikitangaza mwaka wa 1967 kuwa kifo cha mwandishi hakiwezekani hapa, kwa sababu ndogo kwamba mtunzi atapita dukani jioni kununua sukari ya kipimo, na ataulizwa.

Matokeo ya kiusemi ni yapi? Chukua kitendo kimoja ambacho kingefaa sana katika kipindi cha mwaka wa 1966: mtu kujisaidia ndani ya mfuko wa plastiki usiku na kuurusha nje. Katika kinywa cha mtangazaji wa taifa, kisa hicho kingesimuliwa kwa mshangao, na swali lake, kama huo ni uungwana, lingekuwa na jibu moja. Katika kinywa cha mtangazaji aliyelala usiku uleule katika ploti ambamo familia nyingi zinagawana choo kimoja, kilichofungwa kwa kufuli, na njia ya kukifikia haina taa, swali hilo halisimami. Hawezi kushangaa. Mshangao unahitaji umbali. Akilifungua jambo hilo hewani itambidi ataje ufunguo unakaa kwa nani, kodi inalipwa kwa nani, na mwenye ploti ana hati gani. Na mara anapofika hapo amekwisha kuuacha utanzu wa nasaha na kuingia katika utanzu wa ushahidi. Nafsi ya pili ya "wewe usiye na adabu" inageuka kuwa "sisi". Kinachoulizwa si tena kama kitendo ni cha kiungwana, bali nani aliyewafanya watu waonekane si waungwana.

Msiba wa Sinai unaonyesha kwamba tofauti hii ina uzito wa damu. Tarehe 12 Septemba 2011 bomba la mafuta lilivuja katika kijiji cha Sinai, upande wa Viwandani wa Mukuru. Watu wakaenda na ndoo na mitungi kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Katika vinywa vya wengi nchini lawama ilianza na walioteka. Hiyo ndiyo sarufi ya uungwana ikifanya kazi: kitendo kinatengwa na mazingira yake, mtendaji anapimwa, mpimaji anabaki nje. Sarufi ya pili ingeanza na bomba. Ingeuliza limepitaje katikati ya nyumba, au nyumba zimepitaje juu yake, na lita moja ya petroli ilikuwa siku ngapi za kibarua. Hakuna kati ya sarufi hizo mbili iliyo ya kweli yote. Lakini ni ya kwanza tu iliyozoea kuitwa Kiswahili sanifu.

Hapa ndipo shutuma ya lugha inapofaa kuangaliwa kwa utulivu. Mtangazaji wa Mukuru husema "kanjo" kwa askari wa baraza la jiji, "sambaza" kwa umeme unaovutwa bila mita, "kadogo" kwa bidhaa inayopimwa ya shilingi chache. Anayemsahihisha humpa "askari wa kaunti", "umeme haramu" na "rejareja". Masahihisho hayo ni sahihi katika kamusi na ni potofu katika maana. "Haramu" imekwisha kutoa hukumu. "Sambaza" inaeleza tu jinsi umeme unavyofika, na inamwachia msikilizaji ajue mwenyewe kwamba aliyeusambaza hulipwa kila mwezi, na kwamba mkazi wa Mukuru mara nyingi hulipa zaidi kwa huduma duni kuliko jirani yake wa mitaa iliyopangwa. Anayetaka kuona msamiati huo ukifanya kazi rasmi na aangalie mchakato ulioanza Agosti 2017, kaunti ya Nairobi ilipotangaza kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji. Mpango uliogusa zaidi ya kaya laki moja uliwalazimu wataalamu wakae na wakazi, na vyama kama Muungano wa Wanavijiji, kuzungumzia choo, njia na maji; na istilahi za wataalamu zilibidi zikutane na maneno ya ploti.

Haya hayasemwi ili kuupamba ukaribu. Mtangazaji anayesema "sisi" anaweza kusema "wao" katika pumzi ileile, na historia ya Afrika Mashariki haina upungufu wa ushahidi. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka wa 1993, ilipendwa kwa sababu watangazaji wake walizungumza kama watu wa vijiweni, na mwaka uliofuata wakataja majina ya watu wa kuuawa. Nchini Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM alifikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai; kesi yake ilisitishwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi, na hakuna anayestahili kumhukumu baada ya hapo, ila kule kushtakiwa kwenyewe kulionyesha jinsi dunia ilivyoanza kuiogopa sauti ya nyumbani. Mtu anaweza kusema, basi, kwamba sauti isiyo na asili ni salama zaidi. Hoja hii ina nguvu, nayo haijibiwi kwa kusifu jamii. Linaloweza kusemwa ni kwamba Mukuru "sisi" haina kabila moja la kuegemea. Anayetangaza kwa Kiswahili na Sheng mahali ambapo chumba cha kwanza ni cha Mkamba, cha pili cha Mjaluo na cha tatu cha Mkisii amekwisha kuchagua mipaka ya "sisi" yake kwa kuchagua lugha. Hatari ipo, lakini haiko mahali pale inapotafutwa na wanaolalamikia sarufi.

Udhaifu wa kweli wa redio hizi uko kwingine: hazina kazi ya maisha ya kumpa mtu. Mbotela aliweza kukua na kipindi kimoja tangu ujana hadi uzee kwa sababu nyuma yake kulikuwa na shirika la serikali, mshahara na pensheni. Mtangazaji wa redio ya kijamii kwa kawaida hujitolea, au hupata posho isiyotosha kodi. Matangazo ya biashara yanabanwa na sheria na ufukara wa eneo. Na kitambulisho cha wanahabari kinachotolewa na Baraza la Vyombo vya Habari hudai cheti ambacho karo yake haitoki katika posho hiyo. Hivyo aliye hodari huondoka. Huenda kituo cha kibiashara cha mjini, na huko jambo la kwanza analofunzwa ni kuipangusa sauti yake ili isijulikane itokako. Mtaa unabaki na anayeanza. Kwa msomaji wa fasihi hili ni sawa na utanzu ambao kila mtunzi wake huachishwa kutunga akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano: utazaa vipaji, lakini vigumu kuzaa ustadi ule wa kurudi kwenye swali moja kwa miongo mingi hadi neno zima libadilike maana, kama alivyofanya mwana wa Freretown. Wanaosema kwamba Mukuru haijamtoa Mbotela wake wangeanza kwa kuhesabu mishahara.

Kuna pia suala la matini. KBC ina maktaba ya sauti yenye kanda za miongo mingi, na mwanafunzi mwenye subira anaweza kuomba kusikiliza. Matangazo ya moja kwa moja ya redio ndogo hupotea yanaposemwa, na idara za Kiswahili, zilizozoea kutuma wanafunzi wa uzamili vijijini kukusanya methali kwa wazee, bado hazijazoea kuwatuma Industrial Area. Atakayekwenda hataweza kufanya kazi hiyo akiwa bwenini. Redio hizi za Nairobi zimegawiwa masafa mamoja ya 99.9 FM kwa nguvu ndogo, kila moja katika mtaa wake. Itambidi aketi Mukuru kwa Reuben na kinasa sauti chake, kwa maana akiyafungulia masafa hayohayo akiwa Korogocho, atampata mtangazaji mwingine kabisa.